Wa Nyuma Ndiye Mwenye Kazi

Ukisimama Kondele, hapa Kisumu, asubuhi ya Jumamosi utaona mikokoteni ikishuka kuja mjini, imejaa mitungi ya maji, mbao, magunia ya viazi. Macho ya watu huenda kwa yule wa mbele, aliyeinama kwenye mpini na mishipa ya shingo imemtoka. Mimi humtazama wa nyuma. Barabara ikianza kuteremka, yeye ndiye anayekanyaga kile kipande cha tairi kinachoburuzwa, au anajitupa kinyumenyume, visigino vikikwaruza lami, ili mzigo usimpande mwenzake mgongoni. Mteremkoni wa mbele anaonyesha njia tu. Wa nyuma ndiye mwenye kazi.

Nilikuwa baharia wa tagi, ile boti fupi yenye nguvu inayosaidia meli kubwa kuingia na kutoka bandarini, kwa miaka 16, kwanza Kilindini, bandari ya Mombasa, kisha katika bandari za ng'ambo, na sasa nimerudi nyumbani Kisumu. Nikiulizwa kazi ile ni kazi gani, huanza na mkokoteni. Mwezi uliopita aliyeniuliza ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyemaliza shule na ambaye moyo wake uko kwenye meli.

"Mjomba," akaniambia, "meli ya makontena ina injini kubwa kuliko nyumba yetu. Sasa tagi inaivutia nini?"

"Haiivuti, mama. Mara nyingi inaizuia."

Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Nikaona maneno hayatatosha, tukapanda tuktuk hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Pale Dunga palikuwa na mashua nzito ya mbao, imefungwa kwa kamba moja, maji yametulia. Nilimwomba mwenyewe ruhusa, nikaifungua, nikamwambia binti asimame majini aisukume kwa kiganja kimoja. Mwanzo haikutikisika. Akaendelea kuegemea. Baada ya muda kidogo ikaanza kwenda, polepole, bila kelele, na yeye akacheka kwa sababu alikuwa amesukuma kitu ambacho wanaume wanne hawawezi kukiinua. Mbele yake, hatua kama kumi hivi, kulikuwa na mashua nyingine iliyopakwa rangi mpya. Nikamwambia, "Haya, isimamishe." Akaishika ukingoni. Mashua ikamchukua. Akakaza miguu kwenye matope, ikamburuta hadi maji yakamfika kiunoni, na mwenye mashua ya rangi mpya akaruka kuja kutusaidia. Hatukuikwaruza. Ila kicheko kilikuwa kimekwisha, na hapo ndipo nilipoweza kumweleza.

Chukua meli ya makontena ya urefu wa mita 260. Si kubwa kwa vipimo vya leo. Ile Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021 ina urefu wa mita 400. Hii yetu ya mita 260, ikiwa na mzigo wake, inaweza kufika tani 70,000. Ipe mwendo wa noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa, mbio za mtu anayejinyoosha asubuhi. Zima injini, uiache. Itaendelea kuteleza zaidi ya maili nzima kabla haijakata mwendo. Maji hayana breki, wala meli haina magurudumu ya kufunga.

Na hiyo injini kubwa aliyoisema binti ina tabia zake. Kwenye meli nyingi za namna hii injini imeshikana moja kwa moja na rafadha, ile propela ya nyuma, bila gia katikati. Injini ikizunguka, rafadha inazunguka. Kwa hiyo ule mwendo wa chini kabisa unaoweza kuagizwa bado unaweza kuipeleka meli noti 6 au 7, na hakuna mwendo mdogo kuliko huo. Ukitaka kurudi nyuma, injini yenyewe izimwe, kisha iwashwe tena izunguke kinyume. Huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na hewa hiyo ina hesabu: kanuni zinadai itoshe kuwasha mara 12 mfululizo. Baada ya hapo unangoja mitungi ijae. Rubani wa meli anayewasha na kuzima ovyo anaweza kufika gatini hana pumzi.

Kuna shida nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, na ndiyo iliyonipendeza mimi katika kazi yote. Usukani wa meli hufanya kazi kwa maji yanayopita juu yake, na maji yenye nguvu ni yale yanayosukumwa na rafadha. Ukizima injini ili upunguze mwendo, umeunyima usukani maji yake. Ukiiwasha ili upate usukani, umeongeza mwendo. Nahodha peke yake, hata awe hodari namna gani, amebanwa hapo katikati. Sasa funga tagi moja nyuma kabisa, tezini, kamba yake ikae katikati, si kulia wala kushoto. Iambie ivute kinyumenyume taratibu. Meli inapungua kasi huku injini yake ikiendelea kuzunguka na kuupa usukani maji. Huyo ndiye mtu wa tairi nyuma ya mkokoteni. Akivuta kidogo upande wa kulia, tezi inakwenda kulia na omo, ile pua ya meli, inageukia kushoto. Kwa hiyo tagi hiyohiyo imekuwa breki na imekuwa usukani. Siku nilipoielewa hesabu hii nilikaa kwenye sitaha hadi magharibi nikiitazama kamba ile kama mtu aliyeonyeshwa siri.

Neno rubani siku hizi watu wanalijua kwa ndege, lakini lilikuwa la baharini kabla ndege hazijaundwa. Rubani ni mtu wa bandari ile, anayejua kila boya, kila mwamba na kila tabia ya maji, naye hupelekwa nje kwa boti ili aipokee meli ya kigeni kabla haijaingia mlangoni. Boti inakimbia sambamba na meli, ubavu kwa ubavu, mawimbi yakiipandisha na kuishusha, naye anasubiri iwe juu kabisa ndipo aishike ngazi ya kamba. Akiwahi au akichelewa, boti inaweza kumfuata na kumbana miguu. Kanuni ya kimataifa inasema ikiwa ukuta wa kupanda unazidi mita 9, basi ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya pembeni ya meli. Nimewaona watu wazima, wenye wajukuu, wakipanda hivyo usiku wa kusi, mvua ikiwapiga usoni, kisha wanafika juu wanapanga kola ya shati na kumwamkia nahodha kana kwamba wametoka msikitini.

Akifika kwenye chumba cha usukani hupewa karatasi ya meli: urefu, kina, nguvu ya injini, upande ambao rafadha inazungukia, kama kuna thrasta ya omoni, ile propela ndogo ya kuisukuma omo ubavuni, au haifanyi kazi. Naye anawaeleza mpango wake, maji yanajaa au yanapwa, tagi ngapi, zitafungwa wapi. Amri atatoa yeye, lakini meli inabaki mikononi mwa nahodha na lawama ni yake. Mfereji wa Panama ndio unaojulikana kwa kufanya tofauti, kwani kule rubani hukabidhiwa meli yenyewe.

Mlango wa Kilindini mtu anaweza kuuona bila kulipa chochote, akikaa pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na muhogo wake mkononi. Jina lenyewe limesema: ni pahali penye kilindi, maji marefu. Lakini kuyafikia hayo maji marefu lazima upite kati ya miamba ya matumbawe, ulenge alama mbili za nchi kavu zikae moja juu ya nyingine, ugeuke, kisha upite Likoni ambako feri zinavuka na maelfu ya watu wakienda kazini. Meli inapita mbele ya watu hao wote, kimya, kama ukuta wa ghorofa unaotembea. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, yakiwa yanatoka, mkondo unaishika omo upande mmoja na tezi bado iko kwenye maji mengine. Hapo tagi ya nyuma inakuwa imeshafungwa. Anayesubiri kuifunga ndani, panapotulia, amechelewa.

Upepo nao. Makontena yakipangwa juu ya sitaha yanageuka tanga ambalo huwezi kulikunja. Mita 260 kwa urefu, mita 25 kutoka majini hadi kontena la juu: ni mita za mraba 6,500 za bati. Upepo wa noti 20 ukiupiga ubavu huo unasukuma kwa takriban tani 40. Ukipanda hadi noti 30 husemi umeongezeka nusu, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba: inakuwa kama tani 90. Tagi nzuri ya leo huvuta tani 60 hivi. Kwa hiyo rubani anayetazama bendera juu ya gati na kuomba tagi ya tatu amepiga hesabu tu, hajaogopa.

Ndani, meli hugeuzwa. Tagi moja inasukuma omoni upande huu, nyingine inasukuma tezini upande ule, na ghorofa zima linazunguka pale pale kama sufuria kwenye kata. Kisha zinakuja mita 50 za mwisho. Meli iko sambamba na gati, haiendi mbele wala nyuma, inakwenda ubavuni tu. Wasiojua hudhani sasa tagi zinaisukuma hadi iguse. La. Zinasukuma kidogo, zinaacha, na kuanzia hapo kazi ni kuivuta itoke, ili isije haraka. Rubani anashika kifaa chake, tableti ndogo inayomwonyesha mwendo wa omo na mwendo wa tezi kila mmoja peke yake. Sentimita 30 kwa sekunde. Ishirini. Kumi na tano. Inapogusa ile mipira mikubwa ya gatini inatakiwa iwe sentimita 10 kwa sekunde au pungufu, na iguse urefu wote kwa pamoja. Kwenye redio ni sauti moja, ya chini, na sisi tunairudia amri neno kwa neno: nyuma taratibu, nyuma taratibu, acha, acha. Kisha baharia anarusha kamba nyembamba yenye fundo zito, watu wa gatini wanaidaka, inavuta amari nene nyuma yake, jicho la amari linavishwa kwenye nguzo. Nilipenda sauti ya amari ikikazwa, ule mlio wa chini kama mtu anayejinyoosha baada ya safari.

Nimesema nilipenda. Lakini kamba hiyohiyo nusura itumalize.

Ilikuwa ng'ambo, bandari ambayo sitaitaja, kabla ya alfajiri. Tulikuwa tagi ya omoni. Meli ilikuja kwa noti 8, mwendo mkubwa kwa kufunga kamba, na nahodha wetu aliomba kwa redio wapunguze. Hakujibiwa. Tukafunga hivyo hivyo. Muda mfupi baadaye, huku sisi tukiwa tumekaa kidogo pembeni, huko juu wakaipa injini msukumo wa mbele ili wapate usukani, bila kutuambia neno. Omo ikatupita. Kamba ikatoka mbele yetu ikaja ubavuni, ikakaza, na tagi ikaanza kulala. Nilikuwa sitahani. Maji yalipanda juu ya ukingo, yakanifika magotini, kisha mapajani, nikakumbatia nguzo ya chuma na nikaona taa za gati zikiwa pahali ambapo mbingu huwa. Nahodha wetu akagonga kitufe chekundu, winchi ikaiachia kamba, ikatoka yote ikinguruma na cheche. Tagi ikainuka. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa sababu mzee yule hakuwahi kuruhusu mlango ubaki wazi kamba ikiwa juu, na kwa hilo namwombea dua mpaka leo.

Waliokuwa kwenye meli hawakuona kitu. Haikuwa roho mbaya. Kutoka kwenye chumba cha usukani, makontena yakiwa mbele, kanuni inaruhusu bahari isionekane hadi mita 500 mbele ya omo au urefu wa meli mara mbili, lililo pungufu. Sisi tulikuwa ndani ya giza hilo. Walikosa kusema, basi. Neno moja la redio lingetosha. Hasira yangu juu ya neno hilo haijapoa, na sioni sababu ya kuipoza.

Tarehe 19 Desemba 2007, kwenye mto Clyde huko Uskoti, tagi iitwayo Flying Phantom ilipinduliwa namna hiyo katika ukungu ikiwa imefungwa omoni mwa meli. Kati ya mabaharia wanne watatu walikufa. Nikisoma habari za Clyde moyo hunishika kwa sababu nyingine pia. MV Uhuru, meli ya utoto wangu, iliundwa hukohuko Uskoti katikati ya miaka ya 1960, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu.

Uhuru ilibeba mabehewa 22 ya treni. Baba alifanya kazi pale bandarini, na jioni nyingine alinipeleka kuiona ikiingia. Hakuna kontena lililoinuliwa: mabehewa yalikuwa yanatembea kutoka melini hadi nchi kavu kwa magurudumu yao, kwa hiyo reli za sitahani zilipaswa kukutana na reli za daraja la gati, chuma kwa chuma. Kosa la upana wa kiganja lilitosha kuyazuia. Nilihesabu kwa sauti meli ikikaribia, na baba akanishika bega: "Usitazame meli. Tazama maji katikati." Nilikuja kufanya kazi na marubani wengi, na sikusikia mafundisho bora kuliko hayo. Meli inakudanganya kwa ukubwa wake. Ule upenyo wa maji kati yake na gati haudanganyi.

Sasa Uhuru imefufuliwa, na Uhuru II yenye urefu wa takriban mita 100 imeundwa hapahapa Kisumu, na mikono ya vijana wetu. Nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini kila ninapokutana na vijana hao, mazungumzo ni ya nguvu za injini na tani za mzigo. Wa mbele wa mkokoteni. Nani anawafundisha kushika nyuma?

Kwa sababu ghuba yetu ya Winam si nyepesi. Haina kujaa na kupwa kama Kilindini, kweli, lakini ina kina kifupi, na meli inayokimbia kwenye maji mafupi huzama zaidi kuliko ikiwa imesimama, na usukani wake huwa mzito. Mchana jua likipasha nchi, upepo wa ziwa unaamka na kupiga gati. Magugu maji yakija yanaweza kuziba njia ya maji ya kupoza injini na kujisokota kwenye rafadha, meli ikabaki bila nguvu pale pale inapozihitaji. Mtu akiniambia meli ya ziwa ni ndogo, haihitaji tagi wala rubani, humkumbusha Dali, meli ya makontena, kule Baltimore, Marekani, Machi 26, 2024. Tagi mbili ziliitoa gatini, zikaachiliwa, na muda si mrefu meli ikazimika ikiwa inaelekea kwenye nguzo ya daraja. Marubani waliita redioni, magari yakazuiwa kuingia darajani, na wito huo uliokoa watu. Hata hivyo mafundi 6 waliokuwa juu wakitengeneza barabara walikufa. Kamba ya tagi haikuwepo.

Ninachotaka hapa ni kitu kidogo. Chuo chochote kitakachofundisha watoto wetu ubaharia kianze na kusimamisha. Wapewe mashua nzito na maji matulivu, wajifunze kuifikisha gatini bila kuvunja yai. Na meli zikiendelea kurefuka, tagi iagizwe pamoja na meli, siyo baada ya gati kuvunjika.

Binti aliniuliza tukiwa tunarudi kama kazi hii si ya wanaume, kwani jirani mmoja alishamwambia hivyo. Nikamtajia Elizabeth Marami, rubani wa kwanza mwanamke wa meli nchini Kenya, aliyepanda ngazi zile zile za kamba kule Mombasa. Hakusema kitu. Alikuwa na matope hadi mapajani na dereva wa tuktuk alikuwa amemtandikia gazeti.

Tulipofika Kibuye tukakwama. Watu walikuwa wanashusha marobota ya mitumba, yale yaliyofungwa kwa mikanda ya plastiki, yaliyokuja kwa kontena hadi Kilindini na kutoka huko kuja huku. Mkokoteni mmoja ulikuwa umeshajazwa, marobota manne juu ya mengine, na wa mbele alikuwa ameshaushika mpini.

"Mjomba," binti akasema, "wa nyuma hayupo."

Alikuwa ameshashuka kabla sijajibu, akamwita yule bwana asianze.